Mlipopima, Mwezi Ulikuwa Wapi?

Kwa miaka kadhaa nilikuwa na mfano mmoja niliopenda kuutoa darasani, kila muhula nilipofika kwenye mada ya mamlaka. Niliwaambia wanafunzi kwamba palikuwa na mkutano wa kijiji huko pwani, kaskazini ya mji wa Bagamoyo. Mwanamke mtu mzima, kazi yake kuchemsha na kuanika dagaa, alisimama kuuliza swali. Kabla ya kuuliza alimwamkia mtafiti, binti ambaye angeweza kumzaa. "Shikamoo," akasema. Na mtafiti akaitikia, "Marahaba."

Hapo nilikuwa nawatazama. Nyuso darasani zilikunjamana, maana hata waliozaliwa ghorofani Dar es Salaam wanajua kwamba shikamoo hupanda, haishuki. Kisha niliwaeleza wanazuoni wanavyosema: mamlaka yaliyokomaa hayahitaji askari wala fimbo. Yanamwingia mtu polepole, kwa shule, kwa ofisi, kwa namna anavyojibiwa dirishani akienda kuomba karatasi, mpaka siku moja aliye chini anainama mwenyewe na kuona kuinama ndiyo adabu. Waliandika. Mfano ule uliwaingia kuliko mifano yote ya vitabuni, na nilisifiwa kwa ajili yake.

Sikuwaambia kwamba mtafiti yule ni mimi. Wala sikuwaambia kwamba mwanamke yule ni dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea tangu nikiwa wa kubebwa mgongoni, na kwamba shikamoo ile alinipa kwa sababu nilimwomba. Sentensi hii nimeiandika mara tatu nikaifuta. Leo naiacha.

Mama yangu mzazi alifariki nikiwa bado natambaa, kwa hiyo mama niliyemjua ni huyu, mama mkubwa. Alikuwa na matanuri mawili ya mawe na udongo pale ufukweni, sufuria mbili za kubebwa na watu wawili, na vichanja saba, yaani zile meza ndefu za fito na nyavu kuukuu ambazo dagaa huanikwa juu yake. Vyote vyake. Mashua zikiingia alfajiri anawachagua dagaa kwa jicho, anawaosha, anawachemsha kwa maji ya chumvi, anawamwaga vichanjani, na jua likipanda tunawageuza. Jioni wameshakauka, wanaingia kwenye viroba, wachuuzi wanawapeleka Lugoba na Chalinze na mbele huko. Hakuwahi kuandika hata herufi moja ya mambo haya, ila ukimwuliza maji ya kesho yatapanda mpaka wapi, atakuonyesha kwa kidole jiwe lenyewe.

Sare yangu na madaftari yangu vilitoka kwenye sufuria zile. Nilikuwa nikigeuza dagaa kabla ya kwenda shule, nikinawa kwa sabuni, nikimalizia kwa ndimu, na bado harufu haikutoka. Nilipokuwa darasa la sita, binti wa mwalimu mmoja aliomba ahamishwe kutoka dawati letu. Hakunitukana hata kidogo. Alimnong'oneza mwalimu wa zamu, akachukua begi lake, akaenda kukaa mbele. Niliyemchukia siku ile hakuwa yeye, alikuwa mama mkubwa. Nilirudi nyumbani nikakataa kula samaki, naye akadhani naumwa, akanichemshia uji wa pilipili manga.

Ndiyo maana nilipofika chuo kikuu na kukutana na nadharia za jamii, nilizipenda kama mtu aliyepewa miwani ukubwani. Nilifundishwa kwamba tabaka si mali peke yake. Tabaka liko kwenye ulimi, kwenye namna ya kucheka, kwenye kushika kijiko, hata kwenye harufu. Shule hujifanya inawapima watoto wote kwa mizani moja, lakini mizani yenyewe imetengenezewa nyumbani kwa wachache, na mtoto wa nyumba hizo anaingia darasani uzito wake ukiwa umeshakubaliwa. Nilifundishwa pia kwamba maarifa na mamlaka ni ndugu wa tumbo moja. Katika kila jamii wapo watu ambao wakisema jambo, jambo hilo huitwa elimu. Na wapo wengine ambao wakisema jambo hilohilo huitwa mila, au imani, au maneno ya wanawake. Huangaliwa mdomo kwanza, ndipo lisikilizwe neno.

Nilikaa maktaba nikalia. Binti yule wa dawati alikuwa ameelezwa pale, ukurasa baada ya ukurasa, yeye na mwalimu wa zamu na ndimu yangu. Nilidhani kulijua jina la ugonjwa ndiko kupona. Kumbe nilichofanya ni kuchukua begi langu na mimi nikahamia mbele.

Nilipokuwa naandika tasnifu ya udaktari nilipata kazi ya muda kwenye mradi mmoja wa kuboresha ukaushaji wa dagaa. Mimi nilihitaji watu wa kuwahoji, mradi ulihitaji mtaalamu wa mambo ya jamii wa kuwatafsiria wageni, na kijiji kilichochaguliwa kilikuwa chetu. Nisiseme uongo kwamba walikuwa watu wabaya. Walitaka kuwatoa wanawake kwenye moshi na mchanga, wawajengee vichanja vya kisasa vyenye paa la nailoni, sakafu ya zege na ghala la kufungwa kwa kufuli. Mahali walipopachagua ni uwanda mweupe nyuma ya mikoko, mwendo wa dakika kumi kutoka ufukweni: tambarare, pakavu, hapana nyumba wala shamba. Hawakujiuliza kwa nini pwani yote imejaa watu na pale hapana mtu.

Mimi ningeweza kuwaambia. Utotoni tulikuwa tukienda pale kukamata kaa, na kaa wale hawachimbi mahali ambapo maji ya chumvi hayafiki. Lakini nilikuwa nimeajiriwa kukusanya maoni ya wananchi, na niliona maoni yangu hayamo. Jambo lenyewe sikulitafakari sana. Nilikuwa na shughuli kubwa zaidi kichwani.

Siku mbili kabla ya mkutano nilimpigia simu mama mkubwa. Wakubwa wangu wa mradi nilikuwa nimewaambia kwamba nimezaliwa mkoa wa Pwani, nikaishia hapo, kwa kuwa mkoa wa Pwani ni mkubwa.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nasikia waja."

"Nakuja, ila nakuja kikazi. Sasa pale mkutanoni, tusionyeshe kama tunajuana."

 Nilisikia kuni zikilia chini ya sufuria.

"Kwani kuna ubaya?"

"Hakuna ubaya, mama mkubwa. Wageni wataona napendelea watu wangu. Ni utaratibu wa kazi tu."

"Basi mimi nikuamkieje?"

"Kama unavyowaamkia maafisa wengine."

"Haya, mwanangu. Kazi ni kazi. Nitawaambia na wenzangu wasikusumbue."

Hapakuwa na utaratibu wa namna hiyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa nimejiona, kwenye mawazo yangu, nikimkumbatia mbele ya wageni, khanga yake ikinuka moshi na dagaa, na mimi nikirudi kukaa peke yangu kwenye dawati lile. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na kitu. Nilikuwa nimesoma vitabu vyote vya kunieleza kwa nini naona aibu, na bado nikaiona.

Mkutano ulifanyika kwenye banda la mnada wa samaki. Wanaume walikaa kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na sisi wageni tukapewa viti vya plastiki na meza yenye kitambaa na maji ya chupa. Mimi nilivaa kizibao cha mradi, kitambulisho shingoni, miwani ya jua. Mwenyekiti wa kijiji, mzee ambaye aliwahi kunitoa mwiba wa nungunungu wa baharini mguuni huku nikimpiga mateke, alisimama akasema, "Na huyu ni afisa wetu, mtaalamu wa mambo ya jamii. Karibu sana, afisa. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone." Watu wakapiga makofi. Hakuna aliyetabasamu, hakuna aliyenikonyeza. Watu wote wale walikuwa wananijua tangu nikikimbia bila viatu, na wote walikuwa wanautunza uongo wangu kwa nidhamu ambayo sijaiona hata kwenye mahafali ya chuo.

Mpimaji wa mradi akaeleza kuhusu uwanda. Ameupima kwa siku tatu. Umbali kutoka baharini unatosha, ardhi haina unyevu, hapana hatari yoyote. Nikatafsiri. Mwenyekiti akauliza kama kuna swali, na mama mkubwa akanyoosha mkono.

Alikuja mpaka mbele, karibu na meza yetu, kwa sababu ndivyo walivyoagizwa waulizaji. Alikuwa amevaa doti mpya ya khanga niliyompelekea sikukuu ya Idi, bado ina mikunjo ya dukani. Alipofika hatua mbili kutoka nilipokaa ndipo nikasikia harufu ya ndimu. Alikuwa amejisugua mikono kwa ndimu kwa ajili yangu.

Akainamisha kichwa kidogo. "Shikamoo, afisa."

Zilikuwapo njia za kujitoa pale. Ningeweza kuinuka. Ningeweza kusema "Mama, mimi ndiye wa kukuamkia," na wageni wangeona ni tabia njema tu, wasijue lolote. Ningeweza hata kukohoa. Sauti yangu ya ofisini, ile laini, ikatoka yenyewe.

"Marahaba, mama. Endelea."

Kwenye mikeka mwanamke mmoja akasema "Astaghfirullah," si kwa nguvu, ila nilimsikia. Mama mkubwa hakugeuka.

"Naomba kuuliza, afisa. Hawa wataalamu wanasema wameupima uwanda. Mlipopima, mwezi ulikuwa wapi?"

Mtoto yeyote wa pwani ile anajua aliuliza nini. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana. Hayo ndiyo bamvu. Mwezi ukiwa nusu, bahari hulegea, haipandi sana wala haitoki sana. Hayo ni maji mafu. Mtu anayepima ardhi siku tatu za maji mafu atasema ni pakavu, na hatakuwa amesema uongo. Na kwenye uwanda ule maji hayaji kwa mbele. Huingia kwa nyuma, kupitia mkondo wa mikokoni, katika bamvu la kusi, msimu wa upepo wa kusini, na mtu aliyesimama akiitazama bahari hayaoni yakija. Yote haya yalikuwa ndani ya swali lake. Aliuliza kwa adabu, bila kumwita mtu mjinga, akampa mpimaji nafasi ya kujikumbusha mwenyewe.

Nilitafsiri swali kama lilivyo, neno kwa neno, nikanyamaza. Kwa mgeni lilipungukiwa neno moja tu, maji. Ningeongeza kwamba anauliza habari za kujaa na kupwa, mpimaji angefungua daftari lake, maana alikuwa mtu makini. Lakini mtu wa ofisini ningejuaje habari za bamvu? Ningezijulia wapi kama si vichanjani? Niliona swali la pili likija, kisha la tatu, kisha mama mkubwa akiambiwa aje akae karibu na mwanawe. Nikafunga mdomo.

Mpimaji alitabasamu, akatazamana na mwenzake, akajibu kwa utani. Na mimi nikautafsiri utani.

"Anasema mwezi ulikuwa angani."

Wageni wakacheka. Wanaume kwenye mabenchi wakacheka kidogo kwa heshima, kwa sababu mgeni akicheka mwenyeji hamwachi acheke peke yake. Mama mkubwa alinitazama. Alikuwa anangoja niseme lile neno moja. Alinipa muda mrefu sana, au mimi ndiye ninayeukumbuka kuwa mrefu. Kisha akasema, "Ahsante, afisa. Nimeelewa," akarudi kwenye mkeka.

Kwenye ripoti palikuwa na sehemu mbili ndefu: matokeo ya vipimo, na maoni ya jamii. Sehemu ya pili niliiandika mimi. Niliandika kwamba jamii imeupokea mradi vizuri, ingawa baadhi ya wanawake wana imani za jadi zinazolihusisha eneo husika na mwezi, na kwamba elimu zaidi itolewe. Niliandika hivyo kwenye kompyuta ileile ambayo ndani yake sura ya pili ya tasnifu yangu inaeleza, kwa kurasa nyingi, jinsi wataalamu wanavyochukua maarifa ya wanyonge na kuyabatiza jina la imani. Nilikuwa nafunga faili moja nafungua jingine. 

Na shikamoo ile sikuiacha ipotee. Niliiweka sura ya nne. Nilimwandika mama mkubwa kuwa mshiriki namba tisa, mwanamke, elimu ya msingi haikukamilika, na nikaandika kwamba kitendo chake cha kumwamkia mtafiti mdogo kiumri kinaonyesha utii uliozoeleka mpaka ukawa sehemu ya mwili. Habari ya simu sikuiandika popote. Watahini waliusifu mfano ule, mmoja alisema unafaa kuwekwa kitabuni. Nikapata cheo changu. Mama mkubwa alitangaza mtaa mzima kwamba mwanawe amekuwa daktari, na wanawake walipoanza kumletea habari za viuno na vifua akawa anawaambia, "Daktari ndiye, lakini si wa homa. Ni wa kujua watu wanavyoishi."

Vichanja vya kisasa vilijengwa uwandani. Matanuri ya ufukweni yakabomolewa, ndivyo ilivyokubaliwa. Mwaka wa kwanza mambo yalikwenda vizuri na picha zikapigwa. Mwaka wa pili, katika kusi, mwezi ukiwa mpevu, mama mkubwa alinipigia simu asubuhi nikiwa nasahihisha mitihani.

"Maji yamekuja," akasema.

"Wapi, mama mkubwa?"

"Kwa nyuma."

Hakuna aliyeumia, alinihakikishia hilo kwanza. Maji yaliingia alfajiri kupitia mikokoni, yakavinyanyua vichanja, yakalala ghalani juu ya viroba vya dagaa vya juma zima na magunia ya chumvi. Sufuria zake mbili, alizokuwa amezihamishia kule, moja ilionekana mikokoni imebonyea, nyingine haikuonekana. Nilingoja aseme kwamba alishasema. Hakusema. Aliniuliza kama nakula vizuri. Nikamwambia pole, nikamwambia nitakuja, nikarudi kwenye mitihani.

Sikwenda. Ilipita zaidi ya mwaka. Nilijiambia nina kazi nyingi, na kazi zilikuwapo kweli, hazikosekani mtu akizihitaji. Niliongea naye kwa simu siku za Idi, tukaulizana hali, hatukutaja uwanda. Mradi ulikuwa umeisha muda wake na wageni wamekwenda kwingine. Pale ufukweni palipobaki wazi, mfanyabiashara mmoja mwenye uwezo wake alikuwa amepaomba akapata, akajenga vichanja virefu vya nguzo za zege, akaweka sufuria mpya kumi. Wanawake wakarudi palepale walipokuwa, wakiwa vibarua wake. Mama mkubwa aliyekuwa na matanuri, sufuria, vichanja, chumvi na jicho la kuchagua, sasa alikuwa na mikono miwili. Mada hii naifundisha kabla ya ile ya mamlaka: mwenye nyenzo na mwenye nguvu za mwili, na jinsi wa kwanza anavyompata wa pili. Naieleza kwa saa mbili na mchoro ubaoni.

Nadharia ilinieleza kila kitu. Ilinieleza mpaka kimya changu: mtu aliyepanda ngazi akitoka chini huwa mlinzi mkali wa ngazi kuliko aliyezaliwa juu. Hili nalo nililifundisha. Nimegundua kwamba ukiweza kuyaeleza maovu yako kwa ufasaha, watu wanakupigia makofi, nawe unakaa chini umeridhika kama mtu aliyetubu. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nalipwa mshahara kukielezea.

Mwaka huu wanafunzi wangu waliomba wapelekwe kwenye mafunzo ya nje. Mmoja wao, binti mwenye bidii, alisema waende kwenye "kile kijiji cha shikamoo." Alikuwa amekitambua kwenye tasnifu yangu, maana niliwaelekeza mwenyewe waisome. Darasa zima likashangilia. Nilitafuta sababu ya kukataa, nikakosa ambayo ningeweza kuitamka.

Kwenye basi la chuo, tulipoipita njia ya Mbegani, nilisimama nikawapa maagizo ninayowapa wote: muwe na heshima, ombeni ridhaa kabla ya kuhoji, msijenge ukaribu na washiriki. Nilisema hivyo nikiwa nimeshika chuma cha kiti, na nilikuwa bado sijawaambia tunakwenda kwa nani.

Tulifika saa tano. Dagaa walikuwa wameanikwa, na wanawake kama kumi na watano walikuwa wakiwageuza kwa viganja, wamejifunga khanga vichwani. Nilimjua kwa mgongo. Alikuwa amekonda, na mguu mmoja alikuwa akiuvuta kidogo. Nikawaacha wanafunzi hatua chache nyuma, nikamwendea, nikainama, nikasema kwa sauti ya chini, ya chini kiasi kwamba yeye asikie na wao wasisikie, na nilijua kabisa ninachofanya:

"Shikamoo, mama mkubwa."

Hakuitikia. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, wale vijana na vitambulisho vyao shingoni. Akafuta mikono kwenye khanga, upande huu na upande huu. Kisha na yeye akashusha sauti, kama nilivyoshusha mimi.

"Mwanangu, leo tunajuana?"

Laiti angeniuliza kwa kejeli. Kejeli ningeistahimili, ningeirudisha nyumbani nikaiuguza. Lakini aliuliza kwa nia safi kabisa, kama mtu anayeuliza viatu vinavuliwa wapi kabla hajaingia. Alitaka kujua asije akaniharibia. Mikono ameshaifuta, na ningesema hapana, angenipa shikamoo nyingine palepale, mbele ya wanafunzi wangu, na ingekuwa nzuri kuliko ya kwanza. Miaka yote ile nilikuwa nikiwafundisha watu kwamba mwanamke huyu aliinama kwa sababu hakujua. Kumbe alikuwa ananificha, na alinificha akijua kila kitu.

"Tunajuana," nikasema.

"Na hawa wanajua?"

"Hawajui."

"Basi waambie, mwanangu," akasema. "Mimi nimechoka kukuficha."

Akageukia kichanja, akaendelea na dagaa wake. Mimi nikawageukia wanafunzi. Walikuwa wameshafungua madaftari, kalamu mkononi, wananitazama kama wanavyonitazama darasani. Shikamoo yangu ilikuwa bado haijaitikiwa. Nikavua kitambulisho changu, nikaanza kuwasimulia, kwanza ile simu ya kabla ya mkutano.